Kutazama Ndege wa Pwani Asubuhi za Msimu wa Uhamaji: Mwongozo Kamili

Anayejiandaa kwenda pwani kutazama ndege kwa kawaida hujiuliza aamke saa ngapi. Kuna swali linalotangulia hilo: maji yatajaa saa ngapi? Ndege wa msituni hupangiwa siku yao na jua. Ndege wanaojitafutia riziki kwenye mchanga na matope ya bahari hupangiwa na maji, mchana na usiku. Maji yakipwa hutawanyika mbali kiasi kwamba hata darubini nzuri huonyesha vidoa tu vinavyotembea. Yakijaa, uwanja wao wa kulia hupungua dakika kwa dakika, nao husogea pamoja na ukingo wa maji mpaka wanakaribia kabisa pale alipoketi mtu aliyechagua mahali panapofaa. Kazi yako basi ni kuwahi, kutulia na kuyaacha maji yakuletee ndege. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Kwa nini Agosti hadi Novemba

Vitwitwi, sululu na jamaa zao wengi huzaliana kaskazini kabisa, katika nyanda za tundra (nchi baridi zisizo na miti) za Siberia, Skandinavia, Greenland, Kanada na Alaska. Msimu wa kuzaliana kule ni mfupi mno. Mayai hutagwa Juni, na Julai baadhi ya wazazi wameshaondoka; kwa aina kadhaa mama hutangulia na kumwachia baba makinda. Makinda hubaki nyuma wiki kadhaa wakila na kujaza mafuta mwilini, kisha huanza safari yao ya kwanza bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Ndiyo maana wazee huanza kuonekana kwenye fukwe za kaskazini tangu mwisho wa Julai, na makinda huwafuata kuanzia mwisho wa Agosti. Septemba na Oktoba, majani yanapopukutika kaskazini, ufukwe mmoja unaweza kuwa na wazee, makinda, wapitaji na waliokuja kukaa mpaka Machi.

Ukiwa kusini mwa ikweta, miezi hiyohiyo ndiyo ya kuwapokea, na mwongozo huu unakufaa vilevile. Huko utapata nafasi nyingine nzuri Machi na Aprili, wanaponenepa na kurudiwa na rangi zao nyekundu na nyeusi kabla ya kuondoka.

Ili ujue unayemtazama ni nani hasa, fikiria kilichotokea Oktoba 2022. Kinda mmoja wa Limosa lapponica, jamaa wa sululu, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania: kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Kabla ya safari ya namna hiyo ndege hawa hujaza mafuta mpaka yanafikia takribani nusu ya uzito wao, na viungo vya kusagia chakula hunywea ili kupunguza mzigo. Kila anachochota topeni mbele ya macho yako ni sehemu ya hesabu hiyo. Nitairudia hoja hii kwenye suala la kutowasumbua, kwa sababu kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko kutaja jina la ndege.

Hatua ya kwanza: yasome maji

Tafuta jedwali la kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na unakokwenda. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takribani saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Kama leo yamejaa saa moja asubuhi, wiki ijayo saa hiyohiyo utayakuta yamekupwa. Mtu aliyefurahia ufukwe wake Jumamosi moja akaurudia Jumamosi inayofuata kwa saa ileile, akakuta tope tupu, hakukosa bahati, alikosa jedwali.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia hugawa kupanda kwake katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Hapo ndipo ndege husogezwa kwa haraka, na hapo ndipo unatakiwa uwe umeketi zamani, hutikisiki. Mimi hupendekeza ufike saa tatu kabla ya maji kujaa na ukae mpaka saa moja baada ya kujaa. Ukifika dakika za mwisho utawakuta wamekwisha hamia mahali pa kupumzikia, na kuingia kwako kutawarusha.

Angalia pia mwezi. Kwenye mwezi mwandamo na mwezi mpevu, au siku moja mbili baadaye, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua matope yote hufunikwa na ndege hulazimika kubanana kwenye vilima vichache vya mchanga, jambo linalorahisisha kuwahesabu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji huenda yasifunike tope lote, na ndege huweza kubaki mbali wakila bila haja ya kukukaribia. Wanaoanza huambiwa wachague bamvua kubwa kabisa. Sikubaliani na ushauri huo. Bamvua kubwa hufika haraka, huwapandisha ndege wote juu kwa muda mfupi, na mara nyingine hufunika hata ulipoketi. Maji ya wastani, siku tatu nne kabla au baada ya bamvua, hukupa muda mrefu wa kumtazama ndege mmoja mmoja anapokula.

Jambo moja zaidi ambalo majedwali hayalitaji waziwazi: mahali pamoja, bamvua huja karibu saa zilezile za siku kila mara. Kama pwani yako hujaa bamvua adhuhuri, basi bamvua yake haitakuja kujaa alfajiri mwezi huu wala mwezi ujao. Litazame jedwali la miezi miwili na utauona mpangilio huo. Ukishaujua, utajua ni siku zipi katika kila nusu mwezi zinazokupa maji yanayopanda na mwanga mzuri wa asubuhi kwa pamoja. Ziwekee alama kwenye kalenda mapema.

Kwenye bahari ambazo hazina kujaa na kupwa kwa kiasi cha maana, kama Baltiki na sehemu kubwa ya Mediterania, upepo huchukua nafasi ya mwezi. Upepo unaovuma kutoka baharini kwa siku kadhaa huyasukuma maji juu ya fukwe. Unaotoka nchi kavu huyarudisha na kufunua tope. Huko soma utabiri wa upepo badala ya jedwali.

Hatua ya pili: chagua mahali, kisha chagua upande

Ufukwe mrefu wa mchanga mweupe unaopendwa na waogeleaji huwa na ndege wachache. Chakula kiko kwenye tope na mchanga uliochanganyika na tope: minyoo, kaa wadogo, kamba, kombe na konokono. Tafuta mlango wa mto, hori, wangwa ulio mbele ya mikoko, au ghuba iliyokingwa na ulimi wa mchanga. Miamba nayo ina wageni wake, lakini wachache.

Kabla ya siku yenyewe, nenda mara moja maji yakiwa yamejaa ukatazame kwa mbali ndege wanapumzikia wapi. Halafu fikiria njia watakayoipita kutoka kwenye tope la chini hadi pale. Mahali pako pa kukaa pawe kando ya njia hiyo, kamwe pasiwe mwisho wake.

Halafu jua. Kwenye pwani inayotazama mashariki, asubuhi jua liko baharini na ndege wote huwa vivuli vyeusi juu ya maji yanayometameta. Watu huvumilia hali hiyo bure. Ingia kwenye hori au mlango wa mto, simama ukingo wa mashariki, utazame magharibi. Jua litakuwa mgongoni na kila unyoya utaonekana. Pwani inayotazama magharibi haina shida hiyo asubuhi. Anga likiwa na mawingu mepesi, upande wowote unafaa, na kwa maoni yangu mwanga huo ndio bora kuliko yote kwa kutofautisha kijivu na kahawia.

Vifaa

Darubini ya macho mawili ya 8×42 inatosha. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya 10× hukuza zaidi lakini hutetemeka zaidi mkononi, hasa upepo ukivuma. Ukiweza kuazima teleskopu yenye tripodi, tope la mbali litakufungukia. Ila jua likipanda, hewa moto juu ya mchanga hufanya picha icheze, na hapo hata teleskopu ya bei kubwa haisaidii. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda asubuhi.

Wengi hutumia darubini miaka bila kuirekebisha. Fanya hivi: tazama kitu kilichotulia, funika lenzi ya mbele ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha funika ya kushoto na, bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha pete iliyo karibu na jicho la kulia mpaka nalo lione vizuri. Kumbuka alama pete iliposimama. Ukivaa miwani, shusha vikombe vya macho, usipovaa, vipandishe.

Vingine ni daftari na penseli (wino huchuruzika kwenye umande), kitabu cha kutambulisha ndege wa ukanda wako, maji ya kunywa, nguo za rangi iliyofifia, kofia, na kitu cha kukalia kisichopitisha unyevu. Usikidharau hicho cha mwisho. Mtu aliyelowa makalio hawezi kutulia saa nne.

Hatua ya tatu: kufika na kukaa

Ingia taratibu na kwa mshazari. Usiwaelekee ndege moja kwa moja. Usisimame juu ya tuta ambako umbo lako linaonekana dhidi ya anga. Kaa chini, mgongo ukiegemea mwamba, kichaka au mtumbwi uliopandishwa, kisha acha kusogea. Rangi ya nguo haiwatishi sana. Kinachowatisha ni mwendo na kimo cha mtu.

Wataonyesha mapema kama umekaribia mno. Kwanza huacha kula na kuinua vichwa. Halafu huanza kutembea wakikuacha, wakigeuka upande. Halafu mmoja hulia, na wote huruka. Ukiona vichwa vimeinuka, simama palepale. Visiposhuka baada ya muda mfupi, rudi nyuma. Usisubiri hatua ya pili.

Sehemu kubwa ya saa ya kwanza haitakuwa na mengi. Itumie kusikiliza na kuzoesha jicho kwa ndege unaowafahamu: shakwe, yangeyange, kunguru. Hao ndio kipimo chako cha ukubwa asubuhi nzima.

Hatua ya nne: anza na mdomo na mwendo, rangi baadaye

Katika miezi hii rangi hudanganya. Wazee wanabadili manyoya, nusu nyekundu nusu kijivu, na picha za vitabuni mara nyingi huonyesha ndege aliyekamilika. Mdomo na namna ya kula havibadiliki. Nitatumia majina ya kisayansi pale inapobidi, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana kwenye faharasa ya kila kitabu cha ndege.

Wagawe kwanza katika makundi mawili. Kuna wanaokimbia, wanasimama ghafla, wanainama kuchota, wanakimbia tena. Hao wana mdomo mfupi na macho makubwa, kwa sababu wanawinda kwa kuona: jamii za Charadrius na Pluvialis. Hukaa wametengana, kila mmoja na kipande chake, maana hatua za jirani huwafukuza minyoo wanaotaka kujitokeza. Kundi la pili hutembea mfululizo wakichoma mdomo topeni, mara nyingi wakiwa wamesongamana. Hao ni vitwitwi, sululu na jamaa zao, na wanawinda kwa kugusa. Ncha ya mdomo wao imejaa neva za hisia, na wengi wanaweza kuifungua ncha peke yake ikiwa imezama, huku sehemu nyingine ya mdomo imefumbwa. Calidris canutus ana uwezo wa ajabu zaidi: akichoma mchanga wenye maji huhisi tofauti ya mgandamizo inayosababishwa na kombe aliyejificha pembeni, hata kama mdomo haukumgusa. Ukishaelewa hili, tope lote hubadilika machoni pako. Kila urefu wa mdomo hufikia kina chake na chakula chake, na ndiyo sababu aina nyingi huweza kula bega kwa bega.

Baadhi utawajua kwa tabia tu. Calidris alba, mweupe wa kijivu mwenye miguu myeusi, hukimbilia wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja, siku nzima; hana kidole cha nyuma, nacho ni kipimo cha uhakika akikaribia. Arenaria interpres hubinua mawe na mwani kutafuta kilichojificha chini yake. Xenus cinereus, mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, hukimbiakimbia ameinama akifukuza kaa wadogo. Actitis hypoleucos hutikisa mkia na nusu ya mwili bila kukoma, na akiruka hupiga mbawa kwa mitetemo mifupi karibu na uso wa maji. Kwenye fukwe za Bahari ya Hindi tafuta Dromas ardeola, mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene kama wa mgeni kati ya wenzake: anakula kaa, na huzaliana kwenye mashimo anayochimba mchangani, hasa kandokando ya Bahari ya Arabuni na Ghuba ya Uajemi, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa ndege wa aina yake.

Sululu huhitaji uangalifu. Wote wana mdomo uliopinda kuelekea chini. Sululu mkubwa, Numenius arquata, ana mdomo mrefu sana, na jike humzidi dume. Sululu mdogo, Numenius phaeopus, ana mdomo mfupi zaidi. Lakini miezi hii kuna makinda wa sululu mkubwa ambao midomo yao haijamaliza kukua, na wengi huwaita sululu wadogo. Tazama utosi: sululu mdogo ana michirizi miwili mieusi yenye mstari mwepesi katikati, na nyusi nyeupe iliyo wazi. Asipokuwa nayo, usimwite sululu mdogo kwa urefu wa mdomo peke yake; ukiwa na shaka, usimwandike.

Hatua ya tano: mtambue mzee na kinda

Hapa ndipo msimu huu unapozidi mwingine wowote, na ningeshauri utumie muda wako mwingi hapa hata kama utakosa aina moja mbili.

Kinda aliyewasili karibuni ana manyoya yaliyoota yote kwa wakati mmoja. Mgongo wake ni nadhifu: kila unyoya ni mzima, wenye ukingo mwepesi, yamepangika kama magamba ya samaki. Mzee ana manyoya ya rika mbalimbali. Yapo yaliyochakaa ya wakati wa kuzaliana, meusi au ya kutu, ncha zimelika. Kati yake yamechipuka mapya ya kijivu. Kwa mbali huonekana na mabaka. Mfano mzuri ni Calidris ferruginea. Mzee wa Agosti ana vipande vya wekundu wa matofali tumboni; kinda wa Septemba ana kifua chenye rangi hafifu ya pichi na mgongo wa magamba safi. Kufikia Novemba tofauti hufifia, kwa hiyo zoezi hili lina muda wake.

Faida yake si ya kujionyesha. Ukihesabu ni wangapi kati ya ndege mia moja ni makinda, umejua habari ya tundra ambayo hukuifika. Kule kuna panya wadogo waitwao lemingi ambao huongezeka na kupungua kwa mizunguko ya miaka michache. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki na wawindaji wengine hushiba wao, na viota husalimika. Lemingi wakipungua ghafla, wawindaji walewale hugeukia mayai na vifaranga vya ndege. Mwaka wa namna hiyo, wazee hufika pwani Agosti kama kawaida na makinda wa Septemba hawatokei, au hutokea wachache mno. Mtu aliyeketi ufukweni maelfu ya kilomita kusini na daftari lake anaweza kuuona mwaka mbaya wa Siberia kwa macho yake. Andika idadi za rika kila mwaka, kwa mahali palepale na wiki zilezile.

Wakiruka

Wataruka, hata usipowasumbua. Ukisikia kundi zima likiinuka kwa mshindo, tazama juu kwanza: huenda kozi, Falco peregrinus, anapita. Kisha rudi kwa ndege wenyewe, kwa kuwa mbawa zilizofunguka huonyesha alama zilizofichika. Pluvialis squatarola ana makwapa meusi, na hakuna wa kufanana naye. Tringa totanus ana ukingo mweupe mpana nyuma ya bawa. Limosa limosa ana mstari mweupe wa bawa na mkia mweusi. Limosa lapponica hana mstari huo. Calidris ferruginea ana kiuno cheupe kitupu, ambapo Calidris alpina ana mstari mweusi katikati ya kiuno.

Sauti ifuatilie hivyohivyo. Tringa nebularia hupiga miluzi mitatu mikavu ya haraka. Sululu mdogo hupiga mfululizo wa miluzi mifupi ya sauti moja, mara nyingi saba hivi. Jifunze mbili tatu kwa asubuhi, si zaidi; sikio hujaa upesi kuliko jicho.

Usisahau kugeuka. Buabua hupita juu ya maji, na makinda wao, tofauti na makinda wa vitwitwi, husafiri na wazazi huku wakililia samaki. Mara nyingine hufuatwa na Stercorarius parasiticus, ndege mweusi-kahawia anayemsakama buabua angani mpaka aachie mlo wake. Upepo ukitoka baharini hawa husogea karibu na nchi. Mbayuwayu wahamiaji hupita mchana, chini, wakifuata mstari wa pwani. Na nyuma yako, kwenye vichaka, huenda kuna ndege wadogo waliosafiri usiku kucha na kushuka alfajiri. Usiku ulioanza ukiwa mweupe kisha ukaishia kwa mvua au upepo unaowakabili ndio hushusha wengi. Wape hao nusu saa ya kwanza ya mwanga, kabla hujaketi.

Maji yakijaa kabisa

Sasa ndege wamebanana, mguu mmoja juu, mdomo umefichwa mgongoni. Ni wakati mzuri wa kuhesabu na wakati mbaya wa kusogea. Hawana pa kula na hawana pengine pa kusimama. Ukiwarusha watazunguka juu ya maji wakichoma mafuta waliyoyakusanya kwa wiki. Mbwa afungwe au abaki nyumbani. Ndege-mtambo wa kupigia picha (droni) usirushwe hapa hata kidogo. Picha inayohitaji hatua tano zaidi iache.

Kuhesabu kuna mbinu. Hesabu kumi kwa uhakika, ukariri nafasi wanayochukua, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Kundi likiwa kubwa, tumia hamsini au mia. Wanaoanza hukadiria pungufu, hasa kwa vitwitwi wadogo waliosongamana, kwa hiyo hesabu mara mbili kutoka pande tofauti za kundi. Hesabu aina moja kwa wakati mmoja.

Huu pia ni wakati wa kusoma pete. Wengine wana pete za rangi au vibendera vyenye herufi miguuni. Andika mguu upi (kushoto kwa ndege, si kushoto kwako), juu au chini ya kiungo, rangi kwa mpangilio kutoka juu, na herufi kama zinasomeka. Ukiwa na shaka na rangi moja, andika shaka hiyo. Taarifa hupelekwa kituo cha pete cha nchi uliko; kwa Ulaya vituo hivyo huunganishwa na EURING. Mara nyingi utajibiwa alifungwa pete wapi na lini.

Kuhusu usalama, mambo mawili tu. Jua njia yako ya kurudi kabla maji hayajaanza kupanda, kwa sababu mifereji ya nyuma hujaa kabla ya ufukwe ulio mbele yako, na tope laini usilivuke kwa njia usiyoijua. Na ndege aliyekufa au anayeyumba usimguse, kwa sababu ya mafua ya ndege. Toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo au wanyamapori.

Kuandika

Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, upepo, mwanga, na eneo ulilotazama. Kisha aina, idadi na rika. Andika aina zote ulizozitambua, hata shakwe na kunguru, maana orodha kamili humwambia mtafiti pia ni nani hakuwepo. Orodha ya wale adimu tu haimwambii hivyo. Kumbukumbu zako ziingize eBird, hazina ya takwimu iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo haina malipo na huuliza mambo hayohayo. Kama unataka tarehe ya kuanzia, Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, na siku hiyo watu wa nchi nyingi huwa ufukweni wakihesabu. Fungua jedwali la maji la Oktoba uone siku hiyo kwako yanajaa saa ngapi. Yakijaa jioni, chagua siku nyingine ya wiki hiyo na uiandike kwa tarehe yake halisi.